Kikombe cha kauri hufia kichwani

Anayeanza kusanifu vikombe vya laini ya umeme wa msongo mkubwa (volteji kubwa), yaani vihami vya kauri vinavyoshika waya kwenye mnara, hushughulika sana na sahani, ule upana wa kauri ulio chini ya kichwa: iwe na upana gani, mbavu za chini ziwe ngapi, rangi iwe kahawia au kijivu. Kazi hiyo ni ya lazima, ila sehemu kubwa yake imo kwenye majedwali tayari. Kinachoamua kama kikombe kitazeeka juu ya mnara au kitaangusha waya usiku wa radi kimefunikwa na kofia ya chuma, mahali ambapo kauri, saruji na chuma vinabanana ndani ya sentimita chache. Nitapita haraka kwenye sahani ili nipate nafasi ya kukaa kichwani.

Tuchukue kikombe cha kawaida kabisa, kile ambacho viwango vya IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) hukiita U120B. Kipenyo ni mm 255, urefu kutoka kiungo hadi kiungo ni mm 146, njia ya mtambao (yaani umbali ambao mkondo unaovuja hutambaa juu ya uso wa kauri kutoka kofia hadi pini) haipungui mm 295, na mzigo wa kukikata ni kN (kilonyutoni) 120. Herufi B inaonyesha kwamba kiungo ni cha kirungu na tundu. Pini ya kikombe cha juu ina kirungu kinachoingia kwenye tundu la kofia ya kikombe cha chini yake na kufungwa kwa kotapini. Ndugu yake mdogo wa kN 70 ana vipimo vya nje vinavyokaribiana sana na hivyo, ndiyo maana mafundi huvichanganya stoo. Soma alama zilizo kwenye kofia kabla ya kupandisha.

Mnyororo uwe wa vikombe vingapi? Kwa laini ya kV 132, msongo wa juu kabisa unaohesabiwa ni kV 145. IEC 60815 ya mwaka 1986 iligawa uchafu wa mazingira katika ngazi nne: mm 16, 20, 25 na 31 za mtambao kwa kila kilovolti ya msongo huo. Toleo la 2008 linahesabu kwa msongo kati ya waya mmoja (fezi) na ardhi, kwa hiyo namba zimezidishwa kwa kipeuo cha pili cha 3, zikawa 27.8, 34.7, 43.3 na 53.7, na chini yake ikaongezwa ngazi ya 22.0 kwa mahali safi sana. Makosa ya kuchanganya matoleo haya mawili ni ya hatari: mtu akichukua 31 ya zamani akaizidisha na msongo wa fezi na ardhi, mnyororo unapungua karibu nusu.

Bara, mahali penye uchafu wa wastani, 20 mara 145 ni mm 2,900. Gawa kwa 295, unapata 9.8, yaani vikombe 10. Ufukweni kunakopigwa na upepo wa chumvi, kwa mfano Tanga au Mombasa, 31 mara 145 ni mm 4,495, na hapo vikombe vya kawaida vinakuwa 16, mnyororo wa zaidi ya mita 2.3. Mkono wa mnara uliosanifiwa kwa bara hauna nafasi hiyo, kwa sababu waya ukiyumba kwa upepo utakaribia mnara. Suluhisho ni kikombe cha ukungu, chenye mbavu ndefu chini na mtambao wa mm 445 hivi katika urefu uleule wa mm 146. Vinatosha 11, mita 1.6.

Usidhani basi kwamba mbavu ndefu ni bora kila mahali. Chumvi huletwa na unyevu na hukaa juu na chini ya sahani. Mbavu zilizojificha huchelewa kulowa, na hilo linasaidia. Vumbi kavu la jangwani, kama la Oman na Ghuba, hujaa katikati ya mbavu na mvua haifiki kuliosha. Huko sahani laini isiyo na mbavu, ambayo upepo unaipita bila kuzungukazunguka, hufanya kazi vizuri zaidi hata kama mtambao wake ni mfupi. Vumbi la saruji ni baya kuliko yote, kwa kuwa likilowa hushika kama plasta. Hatari yenyewe haiji na mvua kubwa. Mvua kubwa husafisha. Huja na rasharasha au umande baada ya kiangazi kirefu: uchafu unalowa, mkondo unapita, sehemu nyembamba karibu na pini inakauka kwa joto, msongo wote unabebwa na ukanda huo mkavu, cheche zinaanza, na cheche zikiungana umeme unaruka mnyororo mzima.

Nyanda za juu zina hesabu yao. Hewa nyepesi hukinga kidogo. Kwa mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu nyingi za Nairobi, kizidisho cha IEC 60071-2 kwa msongo wa radi ni e kwa nguvu ya 1700/8150, yaani 1.23. Laini inayotakiwa kuhimili kV 650 za radi inahitaji mnyororo ambao usawa wa bahari ungehimili kV 800. Mnyororo wa vikombe 10 unavuka kiwango hicho, kwa hiyo huko juu hesabu zote mbili zinapatana. Ongeza kimoja cha akiba kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kuhusu nguvu: waya wa alumini wenye kiini cha chuma uitwao Wolf, ambao ni wa kawaida kwenye kV 132, hukatika kwa kN 69 hivi. Mnyororo wa kuvuta, ule unaolala mlalo kwenye mnara wa kona, usiwe dhaifu kuliko waya wenyewe, na kikombe kisibebe kila siku zaidi ya theluthi moja mpaka asilimia 40 ya mzigo wake wa kukatika. Kwa kN 70 unakuwa ukingoni. Chukua 120 kwa mvuto na 70 kwa kuning'iniza.

Sasa kichwani. Kikombe hiki kikiwa kikavu huruka umeme kwa kV 80 hivi, kikiwa kimelowa kV 50, na kukitoboa kupitia kauri kunahitaji kV 110. Mpangilio huo ni wa makusudi: umeme uruke hewani, nje, ambako haudhuru, kabla haujapita ndani. Lakini radi yenye ukali, ambayo msongo wake unapanda kwa kasi kuliko hewa inavyowahi kuvunjika, inaweza kuupindua mpangilio huo, na ikikuta kauri yenye ufa mdogo au tundu la hewa, inatoboa. Jibu la haraka ni kunenepesha kauri ya kichwa. Jibu hilo lina bei yake. Kichwa kinene hukauka polepole kuliko sahani nyembamba iliyoungana nacho, hupoa polepole tanurini, na shingo kati ya viwili hivyo ndiyo inayopasuka. Mabadiliko ya unene pale shingoni yawe ya mviringo mpana; kona kali ni mwaliko wa ufa.

Kauri ina nguvu kubwa ikigandamizwa, na ikivutwa inabaki na sehemu ya kumi hivi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo msanifu hujenga kichwa kwa namna ambayo mvuto wa waya unageuka kuwa mgandamizo. Pini ina kichwa kilichopanuka kama koni. Ikivutwa chini, koni inasukuma saruji kwa pembeni, saruji inasukuma kauri, na kauri inaegemea ukingo wa ndani wa kofia. Mahali pa saruji, ndani na nje ya kichwa, kauri hunyunyiziwa punje za kauri iliyosagwa kabla ya kuchomwa, zikashika kwenye glezi (ngozi ya kioo inayofunika kauri), ili saruji ipate pa kung'ang'ania. Punje zikiwa kubwa mno kila moja inakuwa chanzo cha ufa. Zikiwa chache, saruji inateleza.

Chuma hutanuka kwa joto mara mbili ya kauri: takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi, dhidi ya 6. Pini yenye kichwa cha mm 30 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi inataka kuizidi kauri kwa mikroni 9. Ni kidogo, lakini kwa kitu kisichonyumbulika kinatosha. Ndiyo sababu pini na ndani ya kofia hupakwa lami nyembamba kabla ya saruji, na juu ya pini huwekwa kipande laini ili pini isigonge dari ya kichwa. Fundi wa kiwandani akiruka lami, kikombe kitapita majaribio ya siku hiyo vizuri tu.

Adui mkubwa zaidi ni saruji yenyewe. Saruji ya Portland yenye magnesia au salfeti nyingi huendelea kuvimba miaka mingi baada ya kushika, hasa ikipata unyevu. Ndani ya kichwa haina pa kwenda, inasukuma kauri kutoka ndani, na kauri inavutwa kwa mzunguko, ambako ndiko iliko dhaifu. Nyufa zinazotokea hukaa chini ya kofia, hazionekani kwa darubini wala kwa droni. Kwa vikombe, saruji ipimwe uvimbe wake ndani ya chombo cha mvuke wa shinikizo, na ivimbe kidogo sana. Wanunuzi makini hudai isizidi asilimia 0.12. Maji ya kuchanganyia yawe machache. Baada ya kumwaga, itikiswe ili hewa itoke, kisha kikombe kikae kwenye maji ya moto au mvuke mpaka saruji ishike sawasawa.

Udongo una habari yake. Mchanganyiko wa asili ni nusu udongo (kaolini na udongo mnato), robo feldispa na robo kwatzi, ambayo yote mawili ni madini ya mawe. Kaolini ipo kwetu, Pugu nje ya Dar es Salaam panajulikana kwayo, lakini kwa kikombe usafi ndio shida: chuma kidogo ndani ya udongo huacha madoa na vitobo, kwa hiyo uji wa udongo hupitishwa kwenye sumaku kabla ya kukamuliwa. Kwatzi hubadilika umbo katika nyuzi 573 na kusinyaa ghafla wakati wa kupoa, ikiacha nyufa ndogo kuzunguka punje zake. Ukiitoa na kuweka alumina (oksidi ya alumini) nguvu inapanda sana: IEC 60672 inataka kauri ya kwatzi isiyo na glezi ihimili MPa (megapaskali) 50 ikipindwa, ya alumina 90, na ile ya nguvu za juu 140. Kwa vikombe vya kN 160 kwenda juu sioni sababu ya kubishana, nunua alumina.

Udongo uliokamuliwa hupitishwa kwenye mashine yenye ombwe kuondoa hewa, kisha hubanwa kwenye kalibu ya plasta kwa kichwa cha chuma kinachozunguka kikiwa moto. Kama kusinyaa kote, kukauka na kuchomwa, ni asilimia 11, basi kwa sahani ya mm 255 kalibu iwe 255 gawa kwa 0.89, mm 286.5. Kiwango kinaruhusu kipenyo kikosee kwa karibu mm 12 kila upande, ukarimu mkubwa. Usiupeleke ukarimu huo kwenye tundu la pini: likihama kidogo tu kutoka katikati, saruji inakuwa nene upande mmoja na mzigo unaegemea upande mwingine. Glezi ichaguliwe inayosinyaa kidogo kuliko mwili, ili ikipoa ibaki imebanwa. Ngozi iliyobanwa huzuia ufa usianze na huongeza nguvu. Ikisinyaa zaidi ya mwili itajaa mistari kama nywele, na kikombe hicho ni cha kutupa. Moto wa tanuri hufika kati ya nyuzi 1,200 na 1,300. Ukipungua, kauri hunywa maji. Ukizidi, huvimba na kujaa mapovu.

Ulevi wa maji unapimwa kwa rangi. Vunja kikombe, tia vipande kwenye spiriti yenye fuksini (rangi nyekundu) gramu 1 kwa kila gramu 100, bana kwa MPa 15 au zaidi mpaka saa zikizidishwa na MPa zifike 180, yaani saa 12 kwa MPa 15. Pasua tena. Wekundu wowote uliozama ndani, kundi zima linakataliwa. Kila kikombe, bila kuruka hata kimoja, huvutwa kwa nusu ya mzigo wake na kupigwa umeme. Jaribio ninalolithamini kuliko yote hufanywa kwa sampuli tu: lile la kupasha na kupoza huku kikombe kikivutwa, kisha kukikata. Ndilo linalofichua kichwa kibovu.

Kwenye laini, kikombe cha kioo kikifa hulipuka na kila mtu anaona. Cha kauri hubaki kizuri machoni huku hakikingi kitu. Hapo ndipo kile cha akiba kinapolipa. Vilivyobaki havigawani msongo sawasawa: katika mnyororo wa vikombe vitatu wa kV 33 (kV 19 kati ya fezi na ardhi), kama kapasita (uwezo wa kushika chaji) ya kila kiungo kwa ardhi ni sehemu ya kumi ya ile ya kikombe, cha juu hubeba kV 5.6, cha kati 6.1, na kilicho karibu na waya 7.3. Hiki cha chini ndicho huchoka kwanza. Umeme ukiruka mnyororo wenye kikombe kilichotoboka, mkondo wa hitilafu unapita ndani ya kichwa chake, unyevu unageuka mvuke, kofia inafunguka na waya unaanguka.

Laini ikiwa imezimwa na kufungwa ardhi, pima kila kikombe peke yake kwa mega (kipima ukinzani) ya kV 5, kikiwa kikavu na kimefutwa. Kizima hutoa maelfu ya megaomu. Kilicho chini ya 300 kitoe, hata kama glezi yake inang'aa. Ukikuta kadhaa vya kundi moja, soma mwaka na alama ya kiwanda kwenye kofia na upime vyote vya mwaka huo, maana saruji iliyochanganywa siku moja iliingia kwenye vichwa vingi.