Nilivyomtambua kambare mdogo aliyekuja na jina la mwingine

Kibandiko cha samaki niliowanunua kwa ajili ya tangi langu kilisema "Corydoras cochui", na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Kambare huyo ni wa bonde la mto Araguaia, Brazili, ilhali aliyeniuzia alisisitiza kwamba shehena yake ilitoka Kolombia. Jina au nchi, kimojawapo hakikuwa sahihi.

Kwamba ni wa kundi la Corydoras, hilo halikuhitaji mjadala. Hawana magamba, ubavuni wana safu mbili za vibamba vya mfupa vilivyopandana kama vigae vya paa. Wana sharubu fupi mdomoni, na mara kwa mara hupanda juu kugugumia hewa, kwa sababu utumbo wao nao hufyonza oksijeni. Kilichopunguza orodha ni udogo wao, maana wangu hawakufika sentimita 3. Wafupi wa namna hiyo wanaouzwa mara nyingi ni watatu: hastatus, pygmaeus na habrosus.

Kabla ya kumgusa yeyote, niliwatazama tu. Hastatus na pygmaeus hupenda kuogelea katikati ya maji wakiwa kundi. Hastatus hata huchangamana na samaki wadogo waitwao Hyphessobrycon elachys, ambao nao wana doa jeusi mkiani. Wangu walishinda chini wakichokora mchanga. Nililichukua hilo kama fununu, kwa kuwa samaki mwenye hofu hujibanza chini, awe wa aina yoyote.

Ikaja kazi ya picha, na hapa ndipo ninapomshauri mtu asiharakishe. Niliwahamisha kwa kikombe badala ya wavu, maana mwiba wa pezi la kifuani ukishajifunga ukiwa wima hunasa kwenye nyuzi, na kuunasua ni mateso kwa samaki. Kila mmoja niliingiza kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye karatasi nyeupe nyuma yake, nikamwacha atulie. Akishtuka hupauka, na michoro unayoitafuta hufifia. Kamera niliiweka usawa wa ubavu wake. Picha za kutoka juu, ambazo watu wengi hupiga, zinaficha karibu kila kitu cha maana.

Nilianzia kwenye shina la mkia. Hastatus ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe, hapakuwa nalo. Nikafuata ubavu. Pygmaeus ana mstari mweusi usiokatika, kutoka puani hadi mkiani. Kwa makinda yake kuna mtego, kwani huanza na milia ya kusimama kabla ya mstari huo kujitokeza, kwa hiyo wale wadogo kabisa niliwaacha nikapima kwa waliokomaa. Hao mstari wao ulikuwa vipandevipande, karibu madoa yaliyopangwa, na mgongoni palitapakaa vitone. Hiyo ni sura ya habrosus, aliyeelezwa na Stanley Weitzman mwaka 1960 kutokana na samaki wa Venezuela.

Lakini cochui, yule wa kwenye kibandiko, alikuwa bado hajaondolewa kwenye orodha. Yeye pia ana madoa ubavuni, na kwa miaka mingi habrosus ameuzwa kwa jina lake. Picha zangu, nzuri kama zilivyokuwa, sikuziamini kiasi cha kuwatenganisha hao wawili. Nikarudi kwa muuzaji, safari hii si kumuuliza jina bali mto. Alimwuliza aliyemletea, na jibu likawa bonde la mto Orinoco, upande wa Kolombia. Habrosus anaishi huko, Kolombia na Venezuela, cochui hayupo. Kwa maoni yangu, kibandiko kisichotaja mto hakina thamani kubwa, hata kama jina lililoandikwa limenyooka.

Jina lenyewe nalo limehama. Mwaka 2024 wataalamu waliigawa jenasi kubwa ya Corydoras, yaani kundi la spishi zinazoshiriki neno la kwanza la jina la kisayansi. Hastatus na pygmaeus wakaingia Gastrodermus, habrosus akaingia Hoplisoma. Kwa hiyo vitabu vya zamani na orodha mpya vitakupa majina tofauti kwa samaki yuleyule, na hilo lisikutishe. Kwenye tangi langu nimeandika yote mawili, la zamani na jipya, na chini yake: Orinoco, Kolombia.