PSA imepanda, na maswali ya baraza

Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu damu na mkojo, lakini wazee wa baraza letu la Langoni, Lamu, walishanipa udaktari kitambo. Juzi Ami mmoja alirudi kutoka Mombasa na karatasi ya PSA iliyopanda. Alikuwa ameshajizika mwenyewe.

Nikamwambia, Ami, PSA ni protini ya tezi dume. Tezi ikikua kwa umri, hupanda. Ikipata maambukizi, hupanda vilevile. Rudi kwa daktari wako, mkojo upimwe kwanza, PSA irudiwe baadaye. Akaniuliza: "Na hiyo saratani yenyewe haina kipimo chake?"

Kiko kinachoikaribia, kinaitwa PCA3, nacho hakitafuti protini bali RNA. Shuleni tuliambiwa RNA ni tarishi tu: hubeba nakala ya jeni, protini hutengenezwa, basi. Kumbe sehemu ya DNA yetu yenye maagizo ya protini ni kama asilimia 2. Nyingi ya iliyobaki pia hunakiliwa kuwa RNA, na baadhi ya RNA hizo, bila kuzaa protini yoyote, huamua ujumbe upi usomwe na upi uzimwe.

Katika hizo, ninayoipenda ni let-7, kipande cha RNA cha herufi 22 hivi, iliyogunduliwa kwa mnyoo mdogo wa udongoni. Chukua fundi wa jahazi kule Matondoni anayeletewa vikaratasi vya "ongeza mbao" kutwa nzima. Let-7 ndiyo inayovikamata njiani. Miongoni mwa jumbe inazozuia ni za RAS, jeni inayosukuma seli zigawanyike. Sasa kuna protini, LIN28, ambayo huishika let-7 ingali changa, ikaharibiwa kabla haijakomaa. Kwa mtoto aliye tumboni hiyo ni kazi halali, maana seli lazima ziongezeke. Kwa mtu mzima LIN28 huwa imenyamaza katika sehemu nyingi za mwili, lakini katika saratani kadhaa huamka tena, let-7 ikapungua, na RAS ikabaki bila wa kuizuia. Jeni ya RAS yenyewe huenda haina kasoro hata ya herufi moja! Hapo ndipo ninapokosa usingizi, kwa raha.

Turudi kwa PCA3. Seli za saratani ya tezi dume huitoa RNA hiyo kwa wingi kuliko seli zenye afya, na huonekana kwenye mkojo. Marekani walikiidhinisha kipimo hicho mwaka 2012, kwa mwanamume aliyekwisha kukatwa kipande kidogo cha tezi kikapimwe, saratani isionekane, na daktari anajiuliza kama akate tena. Kabla ya kukojoa kwenye kikopo, daktari huikanda tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa. Nilipofika kwenye kidole, baraza lote kimya, kikombe cha kahawa hakikugongana na kingine.

Mmoja akauliza kama ziko dawa za saratani zinazotumia RNA ndogo kama let-7. Zimejaribiwa. MRX34 ilitengenezwa ili kuurudishia mwili miR-34, RNA nyingine ndogo inayozuia saratani. Majaribio yalisimamishwa mwaka 2016, baada ya kinga ya mwili ya baadhi ya wagonjwa kuchachamaa vibaya, na wengine wao wakafariki. Kwa hiyo akija mtu na kichupa anachokiita dawa ya RNA ya saratani, msimpe hata shilingi.