"Mguu umevimba" haitoshi

Kwa wanaohudumia miguu hapa Lamu: hilo si neno la kuandika kwenye faili. Bonyeza juu ya ugoko sekunde 5. Kishimo kikibaki, andika, na useme uvimbe umefika wapi. Magaga ya kisigino (mchanga na ndara, nani hana?) si kidonda mpaka ufa utoe damu. Wekundu hujificha kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono.

Kidonda chenye majimaji juu ya kifundo, upande wa ndani, mara nyingi ni vena (mishipa ya kurudisha damu moyoni) zisizorudisha damu vizuri. Kilicho kikavu kwenye ncha ya kidole, kingo wima, mguu baridi: shuku ateri (mshipa unaoleta damu mguuni) imeziba. Hapo usifunge bendeji ya kubana kabla ya kupima mapigo mgongoni mwa mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Utaikata hata damu kidogo iliyobaki.