Uzoefu wangu wa kufuga matumbawe hai sebuleni, London

Wageni wanaoliona tangi langu kwa mara ya kwanza huuliza habari za samaki, ilhali kazi karibu yote iko kwenye maji. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, makazi yangu ni mashariki mwa London, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuga matumbawe hai katika tangi la kioo la lita 200. Maelezo mengi ya shughuli hii huanza na orodha ndefu ya vifaa vya kununua. Kwa maoni yangu, afya ya tangi haitegemei sana wingi wa vifaa. Inategemea zaidi kuyazuia maji yasibadilike ghafla. Kwenye mwamba wa matumbawe wa nje baharini, penye kina, bahari ni kubwa kiasi kwamba mvua ya masika ya usiku kucha haiwezi kuigeuza chumvi yake kwa kiwango cha kuwadhuru viumbe, lakini katika lita 200 hata maji yanayopotea kwa mvuke kati ya asubuhi na jioni huonekana kwenye vipimo.

Maji ya bomba ya London ni magumu na yana naitreti, na kampuni za maji za Uingereza huongeza fosfeti kidogo ili madini ya risasi yasiyeyuke kutoka kwenye mabomba ya zamani. Mnywaji hadhuriki, lakini ndani ya tangi la matumbawe fosfeti na naitreti zinazoingia kila siku hugeuka kuwa mbolea ya mwani. Kwa hiyo maji yangu yote hupita kwanza kwenye chujio la osmosisi, yaani utando unaopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya vilivyoyeyuka ndani yake, kisha kwenye chombo chenye vijipunje vya kunasa chumvichumvi zilizosalia, na siyatumii mpaka kipimo kisome sifuri. Baada ya hapo huyachanganya na chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, kati ya gramu 35 na 38 kwa kila lita kutegemea aina ya chumvi, hadi yafikie chumvi ya sehemu 35 kwa 1,000, ambayo ndiyo ya bahari yenyewe. Ninapima kwa rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na kabla ya kuiamini ninailinganisha na maji maalumu yanayojulikana kuwa na chumvi ya 35, kwa kuwa rifraktomita iliyosahihishwa kwa maji matupu inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na bado ikakosea pale hasa ninapoihitaji.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba maji yanapokauka kwa mvuke, chumvi haiondoki nayo. Pengo hilo linajazwa kwa maji yasiyo na chumvi, na si kwa maji ya chumvi. Nimeweka kihisi kidogo kinachotambua usawa wa maji na kuiamrisha pampu iongeze kidogo kidogo mchana na usiku, na kama ningetakiwa kuchagua kifaa kimoja cha kununua kabla ya taa za bei kubwa, ningechagua hicho.

Mawe niliyoanza nayo yalikuwa makavu, yasiyo na kiumbe chochote. Matumbawe magumu yote yaliyo hai yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake hayavushwi mpaka wa nchi bila kibali, na mimi niliamua tangu mwanzo kununua vipande vilivyokuzwa ndani ya matangi tu. Ndugu zangu wa pwani wanaofikiri kwamba wao wana bahati kwa sababu mwamba uko hatua chache kutoka nyumbani, nawaomba waache mwamba ulivyo. Kipande kilichokwishazoea taa na maji ya tangi huishi kwa urahisi zaidi kuliko kilichobanduliwa baharini.

Mawe makavu yanahitaji muda wa kupata bakteria. Nilitia amonia kidogo, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwenye tangi lisilo na samaki wala matumbawe, nikangoja kundi la kwanza la bakteria liigeuze kuwa naitraiti, na kundi la pili liigeuze naitraiti kuwa naitreti, ambayo ni hafifu sana kwa sumu. Hatua hiyo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na hakuna la kufanya isipokuwa kupima na kungoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kuwa ndio moyo wa kazi yote, nalo ni ualkali. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalisi na kaboneti linazochota majini, na ualkali ndiyo akiba ya kaboneti hiyo. Maji ya bahari yana ualkali wa karibu digrii 7 (si za joto, bali za kipimo kiitwacho dKH), kalisi ya takriban miligramu 410 kwa lita na magnesi ya karibu miligramu 1,300. Mimi naweka ualkali wangu kwenye digrii 8. Hata hivyo sidhani kwamba 8 ina siri yoyote. Matangi mengine hustawi kwenye 7 na mengine kwenye 9, ila tangi linalopanda na kushuka kati ya 7 na 9 kila juma huanza kupoteza ncha za matumbawe yake.

Njia niliyoitumia kujua tangi linakula ualkali kiasi gani kwa siku ni rahisi. Niliacha kuongeza chochote, nikapima ualkali saa moja jioni, nikapima tena jioni zilizofuata kwa saa ileile, kisha nikagawanya kiasi kilichopungua kwa idadi ya siku. Tangi lililoshuka kutoka 8.4 hadi 7.8 kwa siku mbili linatumia digrii 0.3 kwa siku, na hicho ndicho kiasi cha kurudisha, kikigawanywa kwa dozi ndogo ndogo. Kalisi hufuata kwa uwiano usiobadilika sana: kila digrii 2.8 za ualkali zinazoliwa huenda pamoja na takriban miligramu 20 za kalisi kwa lita. Ndiyo maana kipimo cha ualkali hushtua mapema, wakati kipimo cha kalisi bado hakijasogea. Ualkali ukishuka sana, siupandishi zaidi ya digrii moja kwa siku, hata kama moyo unaniambia nimalize kazi leo.

Kuna faida ya pili ya kipimo hiki ambayo sikuitarajia. Matumbawe yakikua, matumizi hupanda polepole, na nikikata vipande hushuka. Lakini matumizi yakisimama ghafla bila sababu, hiyo ni ishara kwamba matumbawe yameacha kujenga, na mara nyingi ishara hiyo hutangulia kupauka au kukunjamana kwa nyama. Ninapoiona hukagua kwanza joto, kisha chumvi, kisha pampu, kabla ya kubadilisha kitu chochote.

Kwa kurudisha kilicholiwa, njia ya kawaida ni vimiminika viwili: kimoja cha bikaboneti ya sodiamu, yaani unga uleule unaoumulia keki, na kingine cha kloridi ya kalisi. Viwili hivyo havitiwi mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa sababu vitagandana na kuwa unga mweupe usiofaa kitu. Mimi lakini nimependelea chokaa, ninayoichanganya na maji ya kujazia pengo la mvuke, kwa kuwa inatoa kalisi na ualkali kwa pamoja katika uwiano uleule ambao matumbawe huvitumia. Wazee wetu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea nyumba za mawe. Kila ninapopima kijiko changu huwa nawakumbuka, maana mimi narudisha chokaa kwa matumbawe. Tahadhari ni mbili. Chokaa iwe safi ya kiwango cha chakula, si ya mfuko wa fundi ujenzi, na iingie tone kwa tone, kwa sababu maji yake ni makali kiasi cha kuchoma ngozi, na yakimwagika kwa wingi huipandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya tangi zima.

Kuhusu uchafu, fikra ya wengi ni kwamba maji yakiwa safi zaidi ndivyo matumbawe yanavyofurahi. Si kweli. Skima yangu hupuliza mapovu madogo sana kwenye maji, na mabaki ya chakula na kinyesi hushikamana na mapovu hayo na kupanda hadi kikombe cha juu, nami humwaga kile kimiminika cha kahawia ambacho harufu yake sitaieleza. Kifaa hicho ni kizuri, lakini kikiwa kikubwa kupita mahitaji, na pakiongezwa dawa ya kunyonya fosfeti, naitreti na fosfeti zinaweza kufika sifuri. Hapo matumbawe hupauka kwa njaa, na mahali pa mwani wa kawaida hujitokeza dainoflajeleti, utando wa kahawia wenye mapovu, ambao kuuondoa ni kazi ngumu kuliko mwani wowote. Ninalenga naitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Zikishuka, ninalisha samaki zaidi badala ya kununua chupa nyingine.

Joto la London lina vituko vyake. Majira ya baridi nategemea hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikikwama ikiwa imewaka isiweze peke yake kuyachemsha maji, na moja ikifa nyingine izuie maji yasipoe kwa kasi. Kiangazi ndicho kigumu zaidi. Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40, na nyumba hapa zimejengwa kutunza joto. Matumbawe hubeba ndani ya nyama yake mwani mdogo sana unaoyalisha, na joto likizidi huufukuza. Ndivyo matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ya kwetu yakiwemo, yalivyopauka mwaka 1998. Niliweka feni ndogo mbili zikipuliza juu ya maji, na mvuke ukayapoza nyuzi mbili au tatu, kama mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa. Gharama yake ni kwamba maji ya kujazia huongezeka sana, na kama chokaa imo ndani yake, dozi nayo huongezeka. Kwa hiyo siku za joto kali nilijazia maji matupu na kutia chokaa kando.

Baridi huleta tatizo lisiloonekana. Madirisha yakifungwa, hewa ya kaboni dioksidi tunayoitoa tukipumua hujaa nyumbani na kuingia majini, na pH hushuka hadi 7.8 au chini yake. Sikutia kemikali yoyote. Nilipitisha mpira wa hewa wa skima kwenye tundu la dirisha ili ivute hewa ya nje, na pH ikapanda.

Mwanga sitautolea maneno mengi. Taa za LED zenye buluu nyingi, saa 8 hadi 10 kwa siku, zinatosha, mradi tumbawe jipya lianzie chini penye kivuli na kupandishwa taratibu. Pampu za mkondo ni muhimu zaidi ya wengi wanavyodhani, kwa sababu tumbawe halitembei kutafuta chakula wala kujisafisha.

Samaki wapya hawaingii moja kwa moja. Hukaa kwanza kwenye tangi dogo la karantini, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe wa baharini ukishaingia kwenye tangi kuu, dawa ya shaba inayouponya itawaua kamba, konokono na matumbawe. Njia inayobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki zipatazo 10. Nina samaki mmoja tu wa aina ya kangaja, na hata huyo lita 200 zitamtosha akiwa mdogo tu. Vipande vya matumbawe navyo huoshwa kwa dawa ya kuondoa wadudu na kukaguliwa upande wa chini, ambako mayai ya konokono wasio na magamba hujificha.

Ninapovishika vipande hivyo huvaa glavu na miwani. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Zoanthus na Palythoa yana palitoksini, sumu kali mno, na jiwe lenye viumbe hivyo halichemshwi wala kusuguliwa kwa brashi likiwa kavu, kwani mvuke na vumbi lake vinaweza kuwalaza hospitali watu wa nyumba nzima.

Swali ninaloulizwa na jamaa zangu kila nikienda likizo Tanga ni nani anayeliangalia tangi. Jirani hupita kila siku mbili. Namwachia chakula kilichogawanywa kwenye vifuko vidogo, kifuko kimoja kwa kila ujio, na pipa la maji ya kujazia limejaa. Nimemwandikia karatasini akague kipimajoto na aangalie kama pampu zinazunguka, na kingine chochote kikimtia shaka asikiguse bali anipigie simu. Wiki mbili kabla ya safari sinunui kiumbe kipya wala sibadilishi dozi, na nikirudi, kabla ya kufungua begi, napima ualkali.