Tarakimu iliyofutika

Ndugu zangu wa Bukavu, jioni hii nina furaha hata kulala sijui kama nitalala.

Wamaya, watu wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati, walihesabu siku mfululizo, mwanzo wa hesabu ukiwekwa mwaka 3114 kabla ya Kristo, kwa mafungu ya siku 1, 20, 360, 7,200 na 144,000. Pembeni walikuwa na mzunguko wa siku 260, namba 1 hadi 13 pamoja na majina 20. Jiwe lililochongwa tarehe likilika na mvua, hesabu moja inasaidia nyingine.

Leo hapa Kadutu, dada yangu mkubwa aliniandikia tarehe ya kifo cha mfalme Pakal wa Palenque, Meksiko, kisha akafunika tarakimu moja kwa kidole:

9.12.11.?.18 (fungu kubwa liko kushoto), siku ya 6 Etznab, yaani namba 6, jina Etznab.

Nafasi ile ni ya mafungu ya siku 20, inakubali 0 hadi 17. Kila ukiongeza siku 20, namba ya siku inaruka 7, na ikipita 13 inaanza upya.

Ukiweka 0, namba ya siku ni 10. Ukiendelea na 1, 2, 3...: 10, 4, 11, 5, 12... 6!

Ni 5. Nyingine zote 17 zinakataa. Ni mwaka 683 baada ya Kristo.

Yaya akaondoa kidole polepole. Ilikuwa 5 kweli. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Sasa ninyi: je, angefunika ile 11, mungeanzia wapi?