Macaron za Paris: ninavyozinunua na kuzifikisha Dar zikiwa nzima

Wageni wengi wakifika kwenye duka la macaron, yale maganda mawili ya lozi yanayofungia krimu katikati, huuliza kama zimeokwa leo. Kwa mkate hilo ni swali la maana, kwa macaron halikusaidii. Ganda likitoka kwenye oveni huwa kavu na hupukutika. Likishajazwa krimu hukaa kwenye friji, nyuzi 4 hivi, kwa takriban saa 24, ili unyevu wa krimu upenye taratibu ndani ya ganda. Baada ya hapo ndipo juu panakatika kwa wepesi na ndani panakuwa laini. Macaron iliyojazwa asubuhi hii ni biskuti iliyopakwa krimu, basi. Mille-feuille, keki ya tabaka nyembamba na krimu, ni kinyume kabisa: tabaka zake za unga na siagi huanza kunywa maji ya krimu mara tu inapopangwa, na alasiri inakuwa imeshalegea.

Ndiyo maana mimi hununua kwa kufuata saa. Kuna cha kula papo hapo, kuna cha kula jioni hotelini, na kuna cha kupanda nacho ndege. Nikishajua hayo matatu, swali la duka gani, saa ngapi na boksi la ukubwa gani hujijibu lenyewe.

Macaron ya Paris ni maganda mawili ya mviringo, upana wa sentimita 4 hadi 5, yaliyotengenezwa kwa unga wa lozi, sukari na ute wa yai, katikati kukiwa na ganashi (chokoleti iliyochanganywa na krimu), krimu ya siagi au jamu. Nancy, Amiens na Saint-Jean-de-Luz nako kuna macaron, lakini zile hazijazwi kitu na hazina rangi, usishangae ukizikuta. Duka linalohusishwa zaidi na macaron ya maganda mawili ni Ladurée, lililoanza mwaka 1862 pale 16 rue Royale. Shuka metro ya Madeleine au Concorde, kote ni mwendo wa dakika chache. La pili ni Pierre Hermé, 72 rue Bonaparte, lililofunguliwa 2001, karibu na kanisa la Saint-Sulpice. Kituo ni Saint-Sulpice, laini namba 4. Hayo mawili yana matawi mengi mjini, na macaron ya tawini haina tofauti na ya duka kuu. Ukiwa hutaki picha ya ukumbi wa rue Royale, nenda tawi lenye foleni fupi.

Ladha yao haifanani. Ladurée ni ya upole na tamu zaidi: waridi, karameli yenye chumvi, vanila, maua ya mchungwa. Pierre Hermé hujaza krimu nyingi zaidi na hupenda kuchanganya: Mogador ni chokoleti ya maziwa na pasheni, Ispahan ni waridi, rasiberi na laichi. Mtu wa Pwani aliyelelewa kwa visheti vyenye arki hatashtushwa na macaron ya waridi. Wengine husema wanakula manukato. Mimi hulipima duka jipya kwa vanila na karameli, kwa sababu hapo hakuna rangi kali wala uchachu wa kuficha krimu mbovu. Pistachio ya kijani kinachong'aa naiacha. Pistachio halisi ikisagwa huwa na kijani kilichofifia, chenye ukahawia kidogo. Ule mwingine mara nyingi ni rangi pamoja na arki ya lozi chungu.

Kabla ya kuagiza, tazama vizuri kupitia kioo. Ganda zuri ni laini juu, halina nyufa, na chini yake lina marinda yaliyosimama sawasawa pande zote. Nyufa maana yake halikuachwa likauke juu kabla ya kuokwa, au oveni ilikuwa kali mno. Kiasi cha kawaida ni nyuzi 140 hadi 150. Marinda yaliyoegemea upande mmoja huletwa na feni ya oveni inayopuliza kutoka upande huo. Madoa ya mafuta juu ya ganda hutokana na unga wa lozi uliotoa mafuta, au rojo lililokorogwa kupita kiasi. Kuna kasoro moja ambayo kioo hakiioneshi: uwazi kati ya ngozi ya juu na nyama ya ndani, ambao kwa kawaida hutokana na ute uliopigwa kupita kiasi au kuokwa vibaya. Ukiuma, ngozi inazama kama ganda tupu la yai. Kwa hiyo nunua moja, toka nje, ionje, kisha urudi kununua boksi. Hakuna atakayekushangaa.

Ukiingia, neno la kwanza ni "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", hata kama kuna foleni na unajua tayari unachotaka. Anayeanza na kunyoosha kidole kwenye kioo huhudumiwa, lakini kwa uso mkavu. Usiguse kitu, muuzaji ndiye anayechukua. Kisha taja idadi kabla ya ladha, kwa kuwa anaanza kwa kuchagua boksi: "Une boîte de huit, s'il vous plaît" (boksi la nane, tafadhali), ndipo useme "deux vanille, deux caramel, deux pistache, deux chocolat". Ukianza kutaja ladha mojamoja bila idadi, atakukatiza akuulize, na walio nyuma yako wataanza kuhema. Ataongeza: "C'est pour offrir?" Anauliza kama ni zawadi. Ukisema ndiyo utafungiwa utepe.

Macaron moja kwenye maduka yenye majina ni kati ya euro 2 na 3 na ushee. Keki ya mtu mmoja huanzia euro 7 hivi na kupanda. Boksi la zawadi lenye picha nzuri unalilipia ndani ya bei, kwa hiyo za kula barabarani omba "en sachet", zitiwe kwenye kifuko. Kadi inapokelewa karibu kila mahali. Kugusisha bila namba ya siri mwisho ni euro 50, zaidi ya hapo utaingiza kadi na kubonyeza namba. Bakshishi kaunta hakuna. Ukikaa kwenye ukumbi wa chai, keki ileile itakuwa ghali zaidi: unalipia meza na mhudumu, na kodi pia ni asilimia 10 badala ya 5.5 inayotozwa keki ya kuchukua. Kwa macaron sioni sababu ya kukaa. Kwa mille-feuille inayomwagika kila upande ukiikata, meza na uma vina thamani yake.

Saa nzuri ni kati ya 4 na 5 asubuhi, siku ya kazi. Kabati limejaa, keki za krimu zimetengenezwa alfajiri, watalii bado wako makumbusho. Jumamosi alasiri ndiyo mbaya kuliko zote. Maduka madogo mengi hufungwa Jumatatu, na mwezi wa Agosti baadhi hufunga wiki kadhaa kwa likizo. Angalia karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekunywa pombe, hapa panahitaji umakini. Sheria inalazimisha duka liandike vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta mzio: gluteni (protini ya ngano), maziwa, mayai, lozi na jamii yake, soya na vinginevyo. Pombe na gelatini ya nguruwe havimo kwenye orodha hiyo. Karatasi ya vizio inaweza kuwa safi kabisa ilhali keki imelowekwa rumu. Uliza kwa sentensi mbili fupi: "Il y a de l'alcool?" na "Il y a de la gélatine? De porc?" Wafanyakazi wa maduka makubwa wamezoea maswali haya na wengine watakufungulia daftari la viungo. Asiyejua na hataki kuuliza jikoni, mimi humshukuru nikaondoka.

Kwa ujumla, gelatini hukaa kwenye keki za povu na zile zinazong'aa juu kama kioo, na kwenye krimu nyepesi kama ya keki iitwayo Saint-Honoré. Pombe iko wazi kwenye baba au rhum, keki iliyolowekwa rumu, ile ya Stohrer, 51 rue Montorgueil, duka lililoanza 1730. Lakini hujificha kwenye fraisier, keki ya stroberi ambayo hunyunyizwa kirsch (pombe ya cheri), kwenye mont-blanc, kitindamlo cha krimu ya chestnut, na mara nyingine kwenye krimu ya mille-feuille. Ekleri ya kahawa au chokoleti, tati ya limau, flan na croissant huwa salama mara nyingi, ila bado uliza. Macaron nazo zisikupumbaze: baadhi ya krimu za matunda zina gelatini, na nyekundu zinaweza kuwa na E120, rangi itokanayo na mdudu. Asiyekula ngano atafurahi kwamba ganda halina unga wa ngano, lakini jiko lile lile linapika croissant. Mgonjwa wa celiac, ambaye gluteni humdhuru, asitegemee hilo.

Kwa kula papo hapo mimi huchukua Paris-Brest. Ni duara la unga wa ekleri lililojazwa krimu ya siagi na karanga za hazeli zilizokaangwa na sukari, na mduara wake unafuata gurudumu la baiskeli: Louis Durand wa Maisons-Laffitte aliibuni mwaka 1910 kwa heshima ya mashindano ya baiskeli ya Paris hadi Brest na kurudi. Krimu yake ni nzito, haisafiri, na jua la Julai linaitia jasho ndani ya nusu saa. Kwenye croissant, soma kibao: "au beurre" ni ya siagi, isiyoandikwa hivyo huenda ni ya majarini.

Sasa safari. Muulize muuzaji zinadumu siku ngapi. Jibu la kawaida ni siku tatu au nne kwenye friji. Hesabu nyuma kutoka siku utakayofika: nunua jioni ya kuamkia safari au asubuhi ile ile. Kama ratiba imebana, uwanja wa Charles de Gaulle una Ladurée, ila ladha ni chache kuliko mjini.

Chagua ladha kwa kuangalia kilichomo ndani. Ganashi ya chokoleti, karameli, pistachio na vanila vina mafuta mengi na maji kidogo, kwa hiyo ganda linadumu. Rasiberi na cassis (tunda dogo jeusi lenye uchachu) zenye jamu hulowesha ganda mapema; hizo zile kwanza, ukiwa bado Paris. Ispahan kubwa, ile keki yenye rasiberi mbichi, usithubutu kuifunga.

Boksi liwe limejaa. Uchukue boksi la nane uweke nane. Nafasi tupu ndiyo inayovunja maganda, kwa kuwa yanagongana kila unapopiga hatua. Ukila moja njiani, jaza pengo kwa karatasi laini. Boksi lilale bapa ndani ya mfuko unaohifadhi baridi, na liingie nawe kwenye ndege. Mizigo ya chini hurushwa. Barafu ya jeli usiweke: kwenye ukaguzi inaweza kuhesabiwa kimiminika ikachukuliwa. Macaron zenyewe hupita bila shida, ila chupa ya karameli au jamu inayozidi mililita 100 itabaki kwa mkaguzi. Hizo ziende kwenye begi la chini.

Ndani ya ndege joto halina tabu. Tabu inaanza ukitoka nje ya jengo la uwanja Dar au Mombasa. Siagi na chokoleti hulegea joto likikaribia nyuzi 30, na sukari ya ganda huvuta unyevu wa hewa mpaka vidole vinanata. Usifungue boksi garini kuwaonesha waliokuja kukupokea. Ukifika nyumbani, hamishia macaron kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, weka friji, mbali na samaki na vitunguu kwa sababu krimu ya siagi hunyonya harufu.

Kuzitoa friji nako kuna utaratibu, na kwenye hewa ya Pwani ndiyo hatua inayoharibu nyingi. Toa kopo likiwa limefungwa, liache mezani dakika 20 hadi 30, ndipo ufungue. Ukifungua likiwa la baridi, mvuke wa hewani utageuka matone juu ya maganda kama maji kwenye glasi ya soda, na ngozi ile ya juu itageuka gundi. Zikilika zikiwa za baridi sana nazo hazina ladha. Siagi iliyoganda hufunga harufu ya vanila.

Zilizobaki zigandishe kwenye kopo lile lile, karatasi ya kuokea kati ya tabaka. Hustahimili wiki kadhaa. Zihamishie friji usiku mmoja kabla ya kula, kopo likiwa limefungwa muda wote, kisha zile dakika zake 20 mezani. Za chokoleti hutoka kama zilivyoingia. Za limau hupoteza makali kidogo, na ndizo ninazozimaliza kwanza kabla ya kufikiria kugandisha.