Siku korongo lilipokuja na maji

Waliokulia Kondoa, mkoani Dodoma, wanajua, kule kwetu mto ni mchanga. Miezi mingi ya mwaka unakatiza katikati ya mto na viatu vyako mguuni, maji yapo ila yako chini, unayafukua. Mwaka 1997 nilikuwa nakaa kwa mjomba kule milima ya Irangi, na sisi watoto kazi yetu ndo ilikuwa hiyo, jioni unafunga madumu kwenye baiskeli mpaka korongoni. Unachimba na sufuria mpaka mkono unazama begani, maji ya kwanza yanakuja ya tope unamwaga, ya pili unamwaga tena, unakaa unasubiri, halafu yanaanza kujaa taratibu, masafi, ya baridi mpaka meno yanauma aisee.

Siku hiyo ilikuwa Novemba, jua kali, kwetu halijadondoka hata tone, ila huko juu milimani kulikuwa kweusi tii tangu mchana. Mimi na binamu tuko shimoni, mjomba yuko ukingoni anakata kuni, mara akaacha panga akatega sikio. “We mjomba, tokeni humo! Acheni hilo dumu!” Sisi hatusikii kitu, tukapanda tu maana sauti ile hubishani nayo.

Kilichotangulia wala sio maji, ni takataka, majani makavu na vijiti na povu la kahawia vinakuja kama mtu anavifagia, mwendo wa kutembea tu, kina cha kifundo cha mguu. Nikataka kucheka, yaani ndo hili? Mara likaja lenyewe, jekundu, na mawe yanagongana huko chini, ko ko ko, unayasikia mpaka nyayoni, na dumu letu la njano likapita linazunguka, kwaheri.

Ila mimi nilikuwa naangalia pale kwenye kona. Upande wa nje maji yanakula ukingo kwa chini, udongo wa juu unabaki unaning'inia na mizizi yake, kidogo pwaa, unaondoka na mahindi ya mjomba yaliyokuwa ndo kwanza yanachipua. Upande wa ndani hakukuguswa, tena asubuhi tukakuta kumerundikwa mchanga mpya mweupe.

Mjomba alisema akiwa mdogo korongo hilo walikuwa wanaliruka. Vilima vilikuwa vitupu, serikali ikaleta mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973, halafu 1979 mifugo yote ikaondolewa, na kweli nyasi zikarudi, lakini hili letu lilikuwa limeshapanuka na kila msimu linajiongezea. Akapanda katani pale ukingoni, hakusema sana. Mkewe ndo kabisa, shamba hata hakuligusia, yeye alikuwa anaulizia dumu lake tu, wiki nzima.